Reli ya Uganda na Vitabu Vyake

Mwanafunzi wa huku mpakani akiulizwa kwa nini Reli ya Uganda ilipewa jina hilo ilhali iliishia Kisumu, hujibu kwamba Waingereza walikosea. Sivyo. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na njia ilipofika Kisumu, Desemba 1901, mji huo ulikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo hilo lilitiwa katika himaya jirani, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Reli haikuikosa Uganda. Mpaka ndio uliosogea, ukaja hadi huku kwetu Busia.

Kosa hili limedumu kwa sababu habari za reli tunazipata kwa kusikia, na vitabu vyake mashuhuri vimeandikwa kwa Kiingereza. Si vichache. M. F. Hill aliandika Permanent Way, kitabu kilichochapishwa na shirika lenyewe la reli mwaka 1949. Ndani yake mna fedha, mabishano ya wakubwa na kazi za wahandisi. Mmarekani Charles Miller alitoa The Lunatic Express mwaka 1971, nacho husomeka kwa raha zaidi, ingawa kwa maoni yangu anawapenda mno mabwana wa kikoloni.

Lakini kitabu kinachonisumbua ni cha J. H. Patterson, The Man-Eaters of Tsavo, cha mwaka 1907. Wengi hukisomea simba. Mimi nawaomba walimu wenzangu wakisomee hesabu. Patterson anataja vibarua wa Kihindi 28 walioliwa. Kisha anakiri kwamba Waafrika walioliwa pamoja nao hawakuwekewa hesabu yoyote rasmi. Anasema hivyo kwa maneno machache tu, akaendelea na masimulizi yake.

Njia ya kwanza ilijengwa hasa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi. Njia ya pili, iliyotoka Nakuru, ikapita Eldoret mwaka 1924, ikaingia Uganda kwa Malaba na Tororo hata kufika Jinja mwaka 1928 na Kampala mwaka 1931, ilijengwa zaidi kwa jasho la Waafrika. Tororo ikawa njia panda, kwani tawi la kwenda Mbale na Soroti lilianzia hapo. Busia haikupata kitu: tawi la kutoka Kisumu lilikomea Butere mwaka 1930, nasi tukabaki watu wa malori.

Chuma, kwa upande wake, kimetunzwa vizuri. Kati ya mwaka 1955 na 1956 kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliunda injini 34 za aina ya 59, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 na ushei, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mbili zimo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971: Mount Gelai na Mount Shengena. Milima hiyo yote miwili iko Tanzania, na injini zake zikabaki Kenya Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977! Injini nyingine humo inaitwa Masai of Kenya. Yaani kabila lilipewa injini, na aliyechochea moto wake hana hata kibao.

Lugha nayo ilisafiri kwa njia hiyo. Mfano ni neno taruma. Mafundi wa pwani walilitumia kwa mbao za kuimarisha mbavu za chombo cha baharini. Likapanda bara likiwa jina la magogo yanayolazwa chini ya reli. Mkulima wa Tororo asiyewahi kuiona bahari alikuwa akibeba mataruma begani.

Mwaka jana nilimtembelea mzee mmoja wa Tororo aliyekuwa mchochea moto. Nilimuuliza habari za injini, akanijibu kwa ufupi. Nilipomuuliza alifanya kazi na nani, alianza kutaja majina, mmoja mmoja, na kijiji cha kila mtu. Niliyaandika katika daftari la shule. Yalikuwa kumi na manane alipochoka, akaniambia nirudi Jumamosi.