Swali la Mfugaji: Isiolo, Leparua na Historia ya Kuwahoji Mawaziri

Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane. Oginga Odinga, Tom Mboya, Ronald Ngala, Masinde Muliro, Daniel arap Moi, Bernard Mate, James Muimi na Lawrence Oguda waliingia ukumbini, na tangu siku hiyo serikali ya kikoloni ikazidi kubanwa kwa maswali iliyokuwa imezoea kuyakwepa: ardhi, kipande, mishahara, shule. Lakini kati ya viti hivyo vinane hakikuwepo hata kimoja cha wilaya za mpaka wa kaskazini. Mfugaji wa Isiolo alilipa kodi na kutii amri za mkuu wa wilaya, ila hakuwa na mtu wa kumsimamisha waziri kwa niaba yake.

Pengo hilo ndilo linaloipa uzito habari ya Leparua. Ni eneo la wafugaji magharibi mwa mji wa Isiolo, jirani na hifadhi ya Lewa, ambako jamii za Wamaasai, Wasamburu, Waturkana na Waborana hugawana malisho na maji pamoja na tembo wanaopita kati ya Lewa na nyanda za Samburu. Leo mbunge au seneta wa Isiolo anaweza kusimama Nairobi na kumtaka waziri aeleze kwa nini huduma fulani haijafika huko. Haki hiyo ilichelewa kufika kaskazini, ikapuuzwa mara nyingi, na hadi sasa haijitoshelezi yenyewe.

Mlango uliofungwa

Desturi ya kumhoji waziri hadharani ilitoka Uingereza, ambako swali la kwanza linalokumbukwa liliulizwa katika Baraza la Malodi mwaka 1721. Ilifika Kenya pamoja na Baraza la Kutunga Sheria, lililokutana kwa mara ya kwanza Agosti 1907 likiwa na Wazungu pekee. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944, miaka 37 baadaye.

Kaskazini kulikuwa na utaratibu wake. Sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902 ilimkataza mtu asiye na kibali kuingia katika maeneo yaliyofungwa. Sheria ya wilaya maalum ya mwaka 1934 ikawapa watawala uwezo wa kuzuia jamii nzima isitoke katika malisho iliyopangiwa, na kuiadhibu yote kwa kosa la wachache. Kwa serikali ya wakati huo, nchi hiyo ilikuwa kizuizi tu kati ya mashamba ya walowezi na mipaka ya Ethiopia na Somalia. Matumizi yake yakalingana na mawazo hayo: kambi za askari zilikuwapo, shule zilihesabika kwa vidole.

Isiolo ilikuwa lango la nchi hiyo. Hapo ndipo yalipokuwa makao makuu ya utawala wa mpaka wa kaskazini, na hapo ndipo ng'ombe walipowekwa karantini kabla ya kuruhusiwa kushuka kusini sokoni. Karantini iliwakinga ng'ombe wa walowezi na magonjwa, ikamwachia mfugaji mnyama aliyekonda kwa kusubiri na bei iliyoanguka. Kama kungekuwa na mjumbe wa kaskazini barazani, swali lake la kwanza bila shaka lingekuwa hilo. Hakuwepo. Amri ikawa inatoka juu, na malalamiko yanaishia kwenye baraza la chifu.

Uhuru bila majibu

Uhuru ulipokaribia, swali kubwa la kaskazini lilikuwa ni nchi gani watu wake wangeingia. Tume iliyotumwa mwaka 1962 ilisikia kwamba wengi, hasa Wasomali, walitaka kujiunga na Somalia. Matakwa hayo hayakutekelezwa, na uchaguzi wa Mei 1963 ukasusiwa katika sehemu kubwa ya mkoa. Tarehe 28 Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Hali ya hatari ikatangazwa Desemba mwaka huo huo, na vita vya Shifta, kati ya serikali na waliotaka kujitenga, vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967.

Katika vita hivyo watu wa Isiolo walikusanywa kambini, Garba Tulla, Merti na Modogashe. Mifugo yao ilipigwa risasi, ilitwaliwa au ilikufa kwa kukosa malisho. Waborana huuita wakati huo Gaaf Daaba, na wazee wa Isiolo hupimia kwa kipindi hicho umaskini wa familia nyingi: kabla ya kambi, na baada ya kambi. Mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, iliyowazuia watu kuwashtaki maafisa wa serikali kwa yaliyotendwa kaskazini wakati wa vita. Bunge lile lile lililopaswa kuuliza likafunga mlango wa kuulizia. Sheria za hali ya hatari zilidumu kaskazini hadi mwaka 1991.

Hata bila vita, sera ilikuwa imeshaamua nani angoje. Waraka Na. 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika ulielekeza fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, yatakayozalisha haraka. Isiolo haikuwemo. Mbunge wa kaskazini aliposimama kudai barabara, alikuwa anabishana na mpango mzima wa nchi, si na waziri wa ujenzi peke yake. Kwa miaka mingi lami iliishia mjini Isiolo, na abiria aliyepanda gari kwenda kusini alisema anakwenda Kenya. Barabara ya lami hadi Moyale ilikamilika zaidi ya nusu karne baada ya uhuru.

Yaliyojibiwa na yaliyofichwa

Katika Bunge la baada ya uhuru mawaziri walikuwa wabunge, wakiketi mstari wa mbele. Mbunge aliandika swali, karani akalipokea, Spika akaliidhinisha, na siku yake ilipofika waziri au msaidizi wake alisimama kujibu. Umbo la swali lilizoeleka: je, waziri anafahamu kwamba zahanati fulani haina dawa? Na kama anafahamu, atachukua hatua gani, na lini? Baada ya jibu yalifuata maswali ya nyongeza, na hapo ndipo waziri aliyekuja na karatasi ya kuandikiwa alipobanwa. Kuanzia Julai 1974, Mzee Kenyatta alipoamuru Kiswahili kitumike Bungeni, mwananchi asiyejua Kiingereza naye akaweza kufuata mabishano hayo. Kiingereza kilirudi miaka michache baadaye, lugha zote mbili zikaendelea.

Utaratibu huo uliweza kuvunjwa na jibu la uongo. Machi 1975, mbunge J. M. Kariuki alipotoweka, Bunge liliambiwa kwamba yuko Zambia, wakati alikuwa ameshauawa. Oktoba mwaka huo mbunge Martin Shikuku na naibu Spika Jean-Marie Seroney walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini kwa yale waliyoyasema ukumbini. Wabunge wengine wakajifunza kupima maneno.

Ndiyo maana ujasiri wa Ahmed Khalif Mohamed, mbunge wa Wajir Magharibi, unastahili kukumbukwa kaskazini nzima. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakazuiwa kwa siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Khalif aliliuliza jambo hilo Bungeni. Serikali ilijibu, kupitia Waziri wa Nchi Justus ole Tipis, kwamba waliokufa ni 57. Walionusurika walijua kwamba idadi hiyo ni sehemu ndogo tu ya waliouawa. Mwaka 2000 serikali yenyewe ikataja 380, na mwaka 2013 ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaiweka Wagalla miongoni mwa maovu makubwa ya dola dhidi ya raia wake.

Tukio hilo lina fundisho ambalo mtu wa Leparua anapaswa kulishika. Swali la Khalif halikupata ukweli siku ile, lakini liliilazimisha serikali iseme 57 mbele ya Spika, na Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, ikaandika. Jibu la uongo lililoandikwa huweza kurudiwa, kupingwa na kusahihishwa. Jambo ambalo halikuulizwa halina pa kuanzia.

Mawaziri watoka, mawaziri warudi

Katiba ya mwaka 2010 iliwatoa mawaziri Bungeni. Kifungu cha 153 kiliwataka wafike mbele ya kamati wanapoitwa na kujibu maswali, ila hawakuwa tena ukumbini. Baada ya uchaguzi wa 2013 maswali yakapitia kwa kamati na wenyeviti wake. Mbunge aliyeuliza habari ya kisima alijibiwa na mbunge mwenzake aliyesoma barua ya wizara. Swali la nyongeza likija, mwenyekiti hakuwa na la kuongeza. Wenzao wa Tanzania waliendelea kuwa na mawaziri humo humo ndani, wakianza kikao cha asubuhi kwa maswali na majibu.

Desemba 2022 Rais William Ruto aliliandikia Bunge akipendekeza mawaziri warudi kujibu ukumbini. Mwaka 2023 Seneti na Bunge la Taifa zikarekebisha Kanuni za Kudumu, na mawaziri wakaanza kufika siku za Jumatano. Waziri asiyefika, au anayemtuma katibu wake na karatasi, sasa anaonekana na nchi nzima kwenye matangazo ya moja kwa moja.

Nani aulizwe?

Hata hivyo swali kutoka Leparua ni gumu kuliko lilivyokuwa zamani, kwa sababu ugatuzi uligawa majukumu. Zahanati, mifugo na maji ya vijijini ni kazi ya kaunti. Anayepaswa kubanwa ni waziri wa kaunti, na wa kumbana ni mwakilishi wadi katika Bunge la Kaunti mjini Isiolo. Usalama na wanyamapori ni kazi ya serikali ya taifa. Walimu huajiriwa na tume huru, kwa hiyo Waziri wa Elimu anaweza kueleza upungufu wao na bado akasema hakuwaajiri yeye. Barabara nyingine ni za kaunti, nyingine za mamlaka ya barabara za vijijini. Swali likipelekwa kwa asiyehusika, hujibiwa kwa adabu na kufa hapo hapo.

Chukua mfano wa tembo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inaweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, na milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Madai hupitia kwa kamati ya kaunti na kwenda wizarani, na malimbikizo yamekuwa mada ya wabunge wa kaskazini mwaka hadi mwaka. Mbunge akiuliza serikali ina mpango gani wa kupunguza migogoro kati ya watu na wanyama, ataambiwa serikali imejizatiti. Lakini akiuliza ni familia ngapi za Leparua zilizowasilisha madai tangu 2014, ngapi zimelipwa, na zilizobaki zitalipwa katika mwaka gani wa fedha, waziri hana njia ila kutaja idadi na tarehe, au kukiri kwamba hana.

Vivyo hivyo kwa Mfuko wa Usawazishaji. Kifungu cha 204 cha Katiba kinatenga nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, kwa miaka 20. Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotajwa katika sera ya kwanza ya mfuko huo. Ni Katiba ikifuta maamuzi ya Waraka Na. 10. Fedha zimetoka kwa kuchelewa na kwa upungufu, na muda wa miaka 20 unakwisha 2030. Kila swali la kaskazini kwa Waziri wa Fedha linapaswa kuanzia hapo: kiasi gani kilistahili kutolewa, kiasi gani kimetolewa, na kimefika kijiji gani.

Deni lililoandikwa

Ahadi ya waziri ukumbini ni deni lenye shahidi. Bunge la Taifa lina Kamati ya Utekelezaji ya kufuatilia ahadi za serikali, na Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni bila kungoja mbunge wake akumbuke. Vyombo vipo. Kinachokosekana mara nyingi ni kiungo kati ya ukumbi wa Nairobi na mkutano chini ya mgunga: jibu halirudi nyumbani. Watu husikia kwamba mheshimiwa aliuliza, wakapiga makofi, na hakuna aliyewasomea waziri alijibu nini na aliahidi lini.

Ninaamini hapo ndipo kazi ilipo. Mbunge anayerudi Leparua na nakala ya Hansard, akaisoma mbele ya wazee, akina mama na vijana kwa lugha wanayoielewa, amefanya zaidi ya yule aliyeuliza maswali kumi na kunyamaza. Kumbukumbu ya mikutano ya kijiji ihifadhi tarehe ya ahadi kama inavyohifadhi makubaliano ya malisho. Tarehe ikipita, ombi liandikwe na lipelekwe kwa kamati likinukuu maneno ya waziri mwenyewe.

Vizazi vya Isiolo vilinyimwa kiti cha kuulizia, kisha vikapewa sheria ya kuzuia kuuliza, kisha vikajibiwa kwa idadi isiyo ya kweli. Haki iliyopatikana kwa njia hiyo haiwezi kuachiwa wanasiasa peke yao waitumie wakati wa kamera. Aliyeahidiwa maji ndiye mdai wa deni hilo, na anayo haki kamili ya kulidai kila Jumatano hadi lilipwe.