Kuvua kwa chambo cha bongo kwenye mto Lowa: ndobo inataka maji masafi

Mto Lowa unatokea kwenye milima ya Masisi, unashuka ndani ya misitu ya Walikale na kwenda kuingia Lualaba, upande wa Tshopo. Lualaba nayo ikishapita maporomoko ya Boyoma karibu na Kisangani, inaitwa mto Kongo. Njiani Lowa inapokea mito mingine, kama Oso unaopita Pinga, na Luhoho unaotoka kusini. Si mto wa kusafiri kwa mtumbwi kuanzia juu mpaka chini, maana kuna mawe na maporomoko. Lakini katikati ya maporomoko kuna sehemu zilizotulia, na hapo ndipo walovi wanafanya kazi.

Huku kwetu watu wengi wanajua wavu, mtego wa kusukwa na ndobo yenye nyungunyungu. Njia tunayoeleza leo haina nyungunyungu. Ni ndobo yenye chambo cha bongo.

Chambo cha bongo ni nini?

Ni kitu kisicholiwa, kinachofananishwa na samaki mdogo, chura au mdudu. Kinaweza kuwa kipande cha bati kinachong'aa, kijiko kilichokatwa mpini, kijiti kilichochongwa ama manyoya ya kuku yaliyofungwa juu ya ndobo. Kwa sababu hakina harufu ya chakula, kinadanganya kwa mwanga na kwa mwendo tu.

Samaki anayekula samaki wengine anapenda mawindo rahisi. Anamtafuta yule anayeyumba, aliyeumia au aliyeachwa na wenzake. Tena ubavuni ana mstari unaosikia mtikisiko wa maji. Ndiyo maana chambo hakivutwi moja kwa moja kama kamba ya kisima. Unavuta kidogo, unaacha kizame, unavuta tena. Mara nyingi samaki anakamata pale unapoacha.

Kwa njia hii usitegemee tilapia, kwa kuwa chakula chake kikubwa ni majani madogo ya majini. Kambale naye anatafuta zaidi kwa harufu na kwa ndevu zake, kwa hiyo nyungunyungu inamfaa kuliko bati. Anayejulikana zaidi kwa kukimbilia chambo kinachong'aa ni mbenga wa Lualaba na mto Kongo. Anaweza kupita mita 1 kwa urefu na kufika kilo 50, na meno yake yanaonekana hata akifunga mdomo. Kwa ajili yake wageni wanatoka mpaka Ulaya na fimbo zao kuja kuvua Kongo.

Siku ya kazi

Kwenye mtumbwi wanatosha watu wawili. Mmoja anashika kafi na kuzuia mtumbwi usichukuliwe na maji, mwingine anatupa. Wote wanakaa chini. Anayesimama ovyo anaweza kuwaangusha wote wawili.

Saa nzuri ni alfajiri mpaka jua linapopanda, na tena jioni. Katikati ya mchana, jua likiwa kali, samaki wengi wanarudi kwenye kina au kivulini. Tupa pale kijito kinapoingia mtoni, nyuma ya jiwe kubwa, kando ya mti ulioanguka, na kwenye mpaka wa maji ya mbio na maji yaliyotulia. Samaki mwindaji anajificha hapo akingoja maji yamletee chakula. Unaweza pia kuacha kamba ndefu ifuate nyuma ya mtumbwi huku mwenzako anapiga kafi polepole.

Asiye na fimbo anatumia kamba iliyozungushwa kwenye chupa au kipande cha mti. Usiifunge kamba mkononi hata siku moja, maana samaki mkubwa anaweza kukukata vidole au kukuvuta majini. Na kama mto una samaki wa meno makali, weka waya mfupi kati ya kamba na ndobo. Uzi mmoja wa kebo ya freni ya moto unaweza kusaidia.

Mto ukichafuka

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Chambo cha bongo kinafanya kazi kama samaki anakiona. Mvua kubwa ikinyesha kwenye vilima vya Masisi visivyo na miti, udongo unashuka na Lowa inageuka rangi ya chai ya maziwa. Uchafu wa mvua unapungua mvua ikikatika. Lakini pale watu wanapoosha kasiterite, koltani au dhahabu kwenye vijito kila siku, matope hayapati nafasi ya kutulia. Yanafunika mawe ambapo samaki wengine wanataga mayai.

Kuna na sumu. Majani ya mtupa yakipondwa na kumwagwa majini yanamzuia samaki kutumia hewa. Wengine wanachukua dawa ya kuua wadudu wa shambani, na hiyo ni hatari hata kwa anayekula samaki na anayechota maji chini ya mto. Na chandarua cha mbu, kwa matundu yake madogo, kinazoa vitoto vyote. Ndobo inakamata mmoja mmoja, na mdogo unaweza kumrudisha. Sumu haichagui. Na vitoto vikiisha, samaki mwindaji naye anakosa chakula, anakufa ama anahama.

Ndiyo maana mlovi wa chambo cha bongo anaweza kuwa wa kwanza kujua kwamba mto unaugua. Mwenye sumu leo anajaza kikapu na kusema samaki wapo, lakini yule wa ndobo anatupa tangu asubuhi na hakuna anayefuata. Sheria ya nchi haiko upande wa sumu: amri ya tarehe 21 Aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi inakataza kuvua kwa sumu na kwa vilipukaji, na sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inalinda mazingira, pamoja na maji.

Kabla ya kwenda majini

Uliza kwa chefu wa kijiji na kwa walovi wa pale kama njia iko salama. Tangu vita vifike Walikale-centre Machi 2025, kila mtu anajua hali inaweza kubadilika kwa siku moja. Jua maporomoko ya karibu yako wapi. Vaa jile, na kama haiko, beba bidoni tupu iliyofungwa vizuri. Na ukiona samaki wengi wanaelea bila jeraha, usiwaokote. Wajulishe majirani wa chini ya mto kwanza, wasichote maji.