Nani Atamdai Msomi? Historia ya Ufadhili wa Masomo, Ikitazamwa kutoka Mpitimbi

Hivi karibuni nilikuwa Mpitimbi, Songea Vijijini, kwa shughuli ya kifamilia. Jioni ya siku ya pili alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni afisa ustawi wa jamii. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, alitoa bahasha ya kaki yenye barua tatu za udahili wa shahada ya uzamili katika fani yake. Chuo kimoja cha Marekani kilimpunguzia nusu ya ada kwa miaka miwili. Barua ya pili ilikuwa ya ufadhili kamili wa mwaka mmoja Uingereza, kwa sharti kwamba akimaliza arudi nchini na akae si chini ya miaka miwili. Ya tatu ilitoka chuo cha hapa nchini. Haikuwa na ufadhili wowote, ila ingemruhusu kusoma huku akiendelea na kazi.

Akaniuliza, "Mwalimu, katika hizi ipi ni kubwa?"

Sikumjibu usiku ule. Nilihisi kwamba swali lake lilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye na kuliko mimi, na kwamba taifa letu limelijibu kwa namna tofauti katika vipindi tofauti. Kila barua ya ufadhili ni mkataba wa deni, hata pale ambapo neno deni halimo. Kinachobadilika ni mdai. Yafuatayo ni maelezo niliyompa kesho yake, nikiyapanga upya kwa ajili ya wasomaji walio katika njia panda kama yake.

Nianze na jirani zetu, kwa kuwa barua yake ya Marekani inafanana mno na barua walizopata vijana wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950. Vyuo vya Marekani viliwapa vijana wale nafasi na misaada ya ada, lakini nauli haikuwamo. Kijana alikuwa na barua mkononi na hakuwa na njia ya kuifikia. Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akiomba michango, akisaidiwa na watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 waliruka kutoka Nairobi. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na safari zikaendelea. Katika kundi la 1960 alikuwamo Wangari Maathai, aliyesoma shahada ya kwanza katika chuo cha masista Wabenediktini huko Kansas, kisha akapata shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966 kwa ufadhili wa taasisi nyingine.

Tunapoisimulia historia hiyo tunaitukuza ndege na kulisahau pengo lililoifanya ndege ihitajike. Nyuma ya wengi wa vijana wale kulikuwa na ndugu na majirani waliochanga ili kufidia kile ambacho barua haikukitaja. Walipopanda ndege, walikuwa tayari wanadaiwa na watu wasio na karatasi yoyote ya kudai.

Huku kwetu, Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, katika jengo la TANU la mtaa wa Lumumba. Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili, alieleza deni la msomi kwa mfano ambao wengi wetu tuliusikia shuleni. Msomi, alisema, ni kama mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kwa wenzake. Asiporudi, amewasaliti. Katika mfano huo mdai ni kijiji kizima, na deni hulipwa kwa kazi.

Oktoba 1966 mfano huo ulijaribiwa. Serikali ilitaka wahitimu walitumikie taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi waliandamana. Nyerere aliwafukuza karibu 400 na kutangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha. Mimi sioni kwamba upande mmoja ulikuwa na haki yote. Serikali ilikumbusha kwamba mkulima wa Songea, ambaye kwa vizazi viwili alikuwa ameuza tumbaku au nguvu zake katika mashamba ya mkonge ya Tanga, ndiye aliyemsomesha kijana wa Chuo Kikuu. Lakini vijana nao walikuwa na hoja ya msingi: masharti ya deni yaliwekwa baada ya wao kuingia, na hawakuulizwa.

Hatua ya tatu ilikuja miaka ya 1990. Mwaka 1992 serikali ilitangaza sera ya uchangiaji wa gharama katika elimu ya juu, na hatua kwa hatua mwanafunzi na wazazi wake wakaanza kubeba mzigo. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Marekebisho ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mnufaika aliyeajiriwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa kila shilingi 1,000,000, shilingi 150,000 huondoka kabla hazijafika nyumbani. Mwaka 2021, katika sherehe za Mei Mosi jijini Mwanza, Rais Samia alitangaza kuondolewa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, nafuu iliyopokewa kwa furaha na watumishi wengi.

Simlaumu mtu kwa mabadiliko hayo. Idadi ya wanafunzi ilikwisha kuizidi hazina ya zamani, na fedha zinazorejeshwa humsomesha mwingine. Lakini tukiri kilichotokea: deni lilihama kutoka kijijini likaingia kwenye hati ya mshahara. Likawa namba. Na mtu akishamaliza kulipa namba, anaweza kuamini kwamba hadaiwi tena na yeyote.

Kwa fani ya ustawi wa jamii imani hiyo ni hatari. Fani hii ilijengwa kwa fedha za umma na kwa ajili ya umma. Chuo cha taifa cha kuwafunza watumishi wake kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, nacho ndicho leo Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeongeza uzito wa kazi hiyo: uchunguzi wa mazingira ya nyumbani, matunzo, ulinzi wa mtoto aliye hatarini. Mshahara wake si wa kumtajirisha mtu. Kwa hiyo afisa anayekopa kwa matumaini ya kipato kikubwa baadaye anakokotoa kwa kanuni ya fani nyingine.

Asubuhi ile tulizitandaza barua juu ya mkeka, na nikamwomba aache kusoma kinachotolewa, asome kisichotolewa. Barua ya Marekani ilikuwa kimya kuhusu chakula, pango, bima ya afya na nauli. Mwanafunzi wa kigeni hapewi mikopo ya serikali ya nchi ile, na kabla ya viza hutakiwa kuonyesha fedha za angalau mwaka wa kwanza. Zaidi ya hayo, shahada ya uzamili ya fani hii huko hudai saa zisizopungua 900 za mafunzo kwa vitendo, ambazo mara nyingi hazina malipo. Ni kama siku 112 za kazi ya saa nane. Nusu ya ada, ambayo kwa shilingi ndiyo ilikuwa tarakimu kubwa kuliko zote alizowahi kuandikiwa, ilikuwa imeacha wazi pengo lilelile la mwaka 1959, na safari hii hayupo Mboya.

Ufadhili wa Uingereza ulikuwa na sharti la kurudi, na yeye alikuwa ameliona kama kifungo. Nilimwambia kwamba kwangu lile ndilo sharti la haki kuliko yote yaliyokuwa mkekani: limeandikwa mapema, lina mwisho, na analijua kabla ya kutia saini. Wanafunzi wa 1966 hawakupata heshima hiyo. Barua ya nchini nayo haikuwa ya kudharauliwa, kwa kuwa ilimwachia mshahara na watu wake, ingawa ingemlazimu kusoma usiku baada ya kutwa nzima ya mashauri ya watu.

Hapo akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. "Nikiondoka, Mwalimu, zile kesi za watoto nitamwachia nani?"

Aliyajua majina yao. Hakuna barua iliyokuwa na nafasi ya kujaza hilo, wala sera yetu yoyote ya mikopo. Tuliandika pamoja orodha ya maswali kwa vyuo vyote vitatu, na ombi kwa mwajiri wake la likizo ya masomo, lenye aya moja inayouliza nani atashika nafasi yake na kuanzia lini. Aliomba aya hiyo iwe ya kwanza, nami nikaihamishia juu.