Ruzuku, Wakfu na Mtunzaji: Kuhusu Mafunzo ya Kuhifadhi Miswada ya Kiswahili



Mada niliyopewa ni historia ya miswada yetu ya Kiswahili, na yumkini wengi mlitarajia nizungumzie tenzi zilizomo, watunzi wake na lahaja zake. Naomba radhi. Leo nataka kuzungumzia makasha: ni nani huyafungua, nani alimfundisha kuyafungua, na mafunzo hayo yalilipiwa kwa fedha za nani.

Sababu ya kwanza ni yangu mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nilipelekwa kwenye mkusanyo mmoja ambao sitautaja, nikasome utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Nililetewa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi wa katani. Karatasi zilikuwa zimekunjwa mara nne. Hakuna aliyenieleza kwamba karatasi kavu iliyokaa katika mkunjo kwa miaka mingi haifunguliwi kwa pupa. Nami, kwa bidii ya ujana, niliinyoosha juu ya meza kwa kiganja. Ukurasa wa mwisho ulikatika, na pembe yake ikapukutika vipande vidogo kama maganda ya kitunguu. Katika pembe hiyo ndimo lilimokuwa jina la mnakili pamoja na tarehe. Mtunzaji, mzee mpole ambaye pia alikuwa na kazi ya kupokea barua, alivizoa vipande vile kwa ufagio wa chelewa. Hakukasirika. Naye hakuwa amefundishwa, kama ambavyo mimi sikuwa nimefundishwa. Utenzi niliusoma, shahada nikaipata. Mnakili hajulikani hadi leo.

Mwanaisimu hana budi kupita kwenye maneno kabla ya kufika kwenye mambo. Neno tulilolipokea kwa ajili ya fedha hizi ni *ruzuku*, nalo ni ndugu wa damu wa *riziki*. Yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu, na kitenzi *kuruzuku* katika matumizi ya kawaida ni cha Mwenyezi Mungu kumpa mja wake chakula cha siku. Riziki ni ya siku hadi siku, na anayeipokea hajui ya kesho. *Hifadhi* nayo ina shina moja na *hafidh*, yaani mtu aliyeiweka Kurani yote moyoni. Kwa mujibu wa neno lenyewe, basi, chombo cha kwanza cha hifadhi ni mtu, ndipo lifuate kasha. Sidai kwamba asili ya neno huamua maana yake ya leo. Ningekuwa mwalimu mbaya wa isimu kama ningedai hivyo. Lakini katika historia nitakayoieleza, fedha zilifuata kasha kwa muda mrefu sana kabla ya kumfuata mtu.

Miswada yetu mingi iliyomo katika maktaba za Ulaya haikufika huko kwa bahati. Nyuma yake walikuwapo wanazuoni wa pwani waliolipwa kunakili na kufafanua. W. E. Taylor alipokuwa Mombasa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, alimtegemea Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Karatasi za Taylor ziko katika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika, London, yaani SOAS. Muhamadi Kijuma wa Lamu, ambaye pamoja na kuwa mshairi na mwandishi wa hati nzuri alikuwa mchongaji wa mbao, aliwanakilia Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu tenzi za kaskazini imepita katika kalamu yake. Aidha, mswada wa Utendi wa Tambuka wenye tarehe ya mwaka 1728, unaohesabiwa miongoni mwa miswada ya kale kabisa ya Kiswahili iliyosalia, uko Hamburg.

Nawaomba mzingatie aina ya malipo hayo. Kijuma alilipwa kwa nakala. Hakuna aliyemlipa afundishe vijana wawili wa Lamu namna ya kuandaa wino, kupanga mistari, kuweka alama za irabu na kukagua karatasi iliyoanza kuliwa na wadudu. Alipofariki, katika miaka ya 1940, nakala zilikuwa salama Ulaya, na ufundi ulibaki kwa kadiri ulivyobaki majumbani.

Mkusanyo wa Dar es Salaam ulitokana na fikra tofauti, na hapa nitakaa kidogo. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili haikuwa na haja kubwa na hati za Kiarabu. Kazi yake ilikuwa tahajia ya Kilatini na vitabu vya shule. Kamati hiyo, iliyokwisha kubadilishwa jina, iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, mwaka 1964, na ndipo ilipozaliwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ambayo tangu mwaka 2009 imo ndani ya TATAKI. Katika miaka hiyo ya 1960, J. W. T. Allen aliikusanya miswada ya pwani kwa ajili ya maktaba ya chuo, na katalogi yake ikachapishwa Leiden mwaka 1970. Kichwa cha katalogi hiyo kinataja miswada ya Kiswahili na Kiarabu, na kinataja kanda pia. Watu husahau kanda. Karatasi nzuri ikiachwa kivulini huweza kuvumilia vizazi, ilhali utepe wa sauti huoza kimyakimya ndani ya kopo lake, na mashine ya kuuchezea hutoweka madukani kabla ya utepe wenyewe.

Fikra ya Allen kwamba miswada ibaki Afrika Mashariki, mahali ambapo wasomaji wake wapo, ilikuwa sahihi. Kilichopungua ni hatua ya pili. Katalogi ni ahadi kwa msomaji kwamba kitu fulani kipo mahali fulani. Ahadi hiyo hutimizwa kila siku na mtu anayejua kitu kimehamishwa lini, kimeazimwa na nani, na hali yake ikoje. Mtu huyo hakuandaliwa kwa idadi ya kutosha, si kwetu peke yetu bali barani kote. Kituo cha mafunzo ya mafundi wa makumbusho kilikuwa kimeanzishwa Jos, Nigeria, mwaka 1963 kwa msaada wa UNESCO, lakini kituo kimoja kwa bara zima ni tone.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mpango wa PREMA, ulioendeshwa na ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi lenye makao yake Roma, kati ya mwaka 1990 na 2000. Shabaha yake ilikuwa kuzuia uharibifu katika makumbusho ya Afrika kusini mwa Sahara kwa kuwafundisha watumishi wa makumbusho hayo wenyewe, na wahitimu wawe walimu wa kozi zilizofuata. Mafunzo yalianza na mambo ambayo fundi wa Ulaya angeyaona madogo: hesabu vitu vyote na kuvipa namba, ondoa rafu ukutani ili hewa ipite, usiweke kitu sakafuni, fungua kila kasha kwa ratiba, utafute mavi ya wadudu. Huhitaji maabara kwa hayo. Unahitaji mtu mwenye mamlaka, daftari na muda. Mwaka 1998 ilifunguliwa shule ya urithi wa Afrika mjini Porto-Novo, Benin, na mwaka 2000 ukaanzishwa Mombasa mpango wa kuendeleza makumbusho, ambao mwaka 2004 ulichukua jina la Kituo cha Maendeleo ya Urithi Afrika.

Nina lalamiko moja dhidi ya juhudi hizi ninazozisifu. Lugha za mafunzo zilikuwa hasa Kiingereza na Kifaransa. Inaeleweka, maana washiriki walitoka nchi nyingi. Lakini mtu anayefungua dirisha la ghala asubuhi na kulifunga mvua inapoanza, pale Mombasa, Lamu, Unguja au Dar es Salaam, hufanya kazi yake kwa Kiswahili. Mhitimu alirudi na madaftari ya Kiingereza, akawa mkalimani asiye na kamusi. Tumetunga istilahi za fizikia, za biolojia, za benki. Istilahi za ghala la makumbusho tumeziacha zizuke zenyewe. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyetuachia *runinga* na *ngamizi*, alikuwa karibu na makumbusho ya Mombasa na Lamu kwa miaka mingi, na alijua majina ya pwani ya kila kipande cha jahazi na kila chombo cha nyumbani. Alifariki mwaka 2017. Mwanafunzi anayeandika kadi ya kifaa na kuweka “bakuli” mahali ambapo Nabhany angekuwa na majina kadhaa kwa kadiri ya umbo na matumizi, amekipoteza nusu kifaa hicho ingawa bado kiko rafuni.

Nije kwenye kufikika kwa miswada. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 SOAS ilipata ruzuku ya utafiti ya Uingereza kwa ajili ya kuandaa katalogi ya miswada yake ya Kiswahili na kuiweka kwenye intaneti. Mwaka 2004 ulianzishwa mpango wa nyaraka zilizo hatarini katika Maktaba ya Uingereza, na masharti yake yanastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa fani hii: nyaraka halisi haziondoki katika nchi zake, nakala za kidijiti hubaki huko huko pia, na wenyeji hupewa mafunzo na vifaa. Kwa ruzuku ya mpango huo miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha, kazi iliyohusishwa na mwanahistoria Anne Bang.

Miswada ya Riyadha ina jambo ambalo waombaji wa ruzuku wangelitafakari. Mingi ni vitabu vya Kiarabu vya fikihi, sarufi na maulidi, na baadhi vimeandikwa kwamba ni wakfu. Pwani yetu ilikuwa na utaratibu wake wa kufadhili elimu kabla ya fomu za maombi kuvumbuliwa. Aliyeweka kitabu wakfu alikitoa katika umiliki wake moja kwa moja, kisiuzwe wala kurithiwa, kisomwe. Ruzuku ina tarehe ya mwisho, wakfu hauna. Hata hivyo tusiupambe mno: kitabu cha wakfu nacho huliwa na mchwa iwapo mfadhili aliacha kitabu bila kuacha shamba au nyumba ya kumlipa anayekitunza. Waliofanikiwa waliviacha vyote viwili.

Kwa sasa mwanafunzi wa Dar es Salaam aweza kuona kwenye simu yake ukurasa ulio London. Anauona, lakini wengi wao hawawezi kuusoma. Hati za Kiarabu zilivyotumiwa kwa Kiswahili zina ugumu wake: herufi moja ya asili ilibeba *b* na *p*, nyingine *f* na *v*, *e* na *i* zilitumia alama moja, *o* na *u* vivyo hivyo, mpaka Kijuma na wengine walipobuni alama za ziada. Msomaji wa zamani alivuka hapo kwa sababu alikwisha kuusikia utenzi. Kwa hiyo ninapoulizwa kuhusu bajeti za miradi hii, huuliza kwanza kifungu cha mafunzo kiko wapi, kisha kama kina mwalimu wa hati. Skana huonekana kwenye picha ya makabidhiano. Miezi kumi ya mwanafunzi akijifunza kusoma, kuorodhesha na kukunjua karatasi haipigiki picha, na mara nyingi ndiyo inayokatwa fedha zinapopungua. Akishahitimu, muundo wa utumishi wa taasisi nyingi hauna cheo cha kumpa, naye huishia kufundisha sekondari au kuuza vocha.

Ninao hapa mezani ukurasa mmoja halisi, wa familia iliyoniruhusu kuuleta, na nakala zake kwa ajili yenu. Una mstari mmoja ambao nimeusoma kwa namna mbili kwa miaka mitatu, kutokana na herufi ambayo yaweza kuwa *p* au *b*. Tukimaliza maswali, wanaotaka kujaribu waje mbele wawiliwawili, mikono ikiwa mikavu.