Macho ya Isaka na Mboni ya Jicho: Historia Fupi ya Maneno ya Kuona

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinieleza kwamba wanafunzi wake, walipokuwa wakitayarisha mradi wa sayansi juu ya jicho, walitaka kutia ndani yake aya za Biblia zinazohusu kuona kwa macho ya mwili. Walichukua itifaki ya Biblia, wakatafuta neno jicho, wakapata aya nyingi mno, na sehemu kubwa yake haikuwafaa. Katika Kiebrania jicho ovu ni uchoyo, macho yaliyoinuka ni kiburi, na kufumbuliwa macho mara nyingi ni kupata maarifa. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba anayetaka habari za jicho lenyewe hana budi kulitafuta katika maneno ya hitilafu zake, na kwamba kazi hiyo humfikisha kwenye swali ambalo watafsiri na waunda istilahi wa Kiswahili hawawezi kulikwepa.

Tuanze na neno mboni. Tafsiri ya pamoja ya Biblia, iliyotoka mwaka 1952 baada ya zile za Unguja (1891) na Mombasa (1914), inalitumia katika Kumbukumbu la Torati 32:10 na Zaburi 17:8. Aya hizo zinazungumzia ulinzi wa Mungu, lakini mfano wake umetokana na jambo la mwili ambalo kila mtu hulijua: kitu kikilikaribia jicho, kope hufumba kabla mtu hajawaza. Neno la Kiebrania lililopo hapo ni ishon, ambalo kwa maelezo ya wengi maana yake ni "mtu mdogo", kwa kuwa anayemtazama mwenzake kwa karibu hujiona mwenyewe kama kijitu ndani ya duara lile jeusi. Wayunani waliliita kore, yaani msichana, na Walatini pupilla, kitoto cha kike. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Mboni yetu ina shina moja na kitenzi kuona. Ni chombo cha kuonea. Mtafsiri ambaye angethubutu kuandika "mtoto wa jicho" kwa kufuata Kiebrania angewapeleka wasomaji hospitali, maana kwetu huo ni ugonjwa wa lenzi kuingia ukungu.

Aya ya pili inayopendwa na wanafunzi ni Mathayo 6:22, isemayo kwamba jicho ni taa ya mwili. Aya hii haifai kuwa ushahidi wa jinsi jicho linavyofanya kazi, ila ni ushahidi mzuri wa jinsi watu wa kale walivyofikiri. Plato aliandika kwamba jicho lina moto wake utokao nje na kukutana na mwanga, na Euclid aliijenga elimu yake ya kuona juu ya mistari itokayo machoni. Ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri na kufariki yapata mwaka 1040, aliyetoa hoja zenye nguvu kwamba mwanga hutoka katika kitu na kuingia jichoni. Mwaka 1604 Johannes Kepler akaeleza kwamba taswira hujichora kwenye retina, tena kichwa chini miguu juu. Hata hivyo lugha haikuwasikiliza wanasayansi hao. Mpaka leo tunasema macho ya mzee yamepungua nuru, kama alivyosema mtunga Zaburi ya 38, wala sioni sababu ya kuufuta msemo huo. Yatosha mwalimu aeleze asili yake.

Historia ya neno retina lenyewe inastahili kujulikana na kila mwenye kuunda istilahi. Waganga wa Kiyunani waliuita utando huo kwa jina lenye maana ya "mfano wa wavu wa kutupa". Hunayn ibn Ishaq, tabibu Mkristo wa Baghdad aliyefariki mwaka 873 na mfasiri mkuu wa vitabu vya Galen, aliandika juu ya jicho kwa Kiarabu, na katika elimu hiyo ya Kiarabu utando huo ukaitwa shabakiyya, kutokana na neno la wavu. Walatini walipofasiri vitabu vya Kiarabu wakaita retina, wavu tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa konea pia: Kiyunani, Kiarabu na Kilatini vyote vilisema "ya pembe", kwa ugumu na uangavu wake. Lugha tatu zilifasiri picha. Sisi tulichukua sauti. Na wavu wa Kiyunani unaotajwa hapo ni ule ule ambao Simoni na Andrea waliutupa baharini katika Mathayo 4:18, ambao wavuvi wa pwani yetu huuita kimia. Sipendekezi sasa kwamba retina iitwe kimia cha jicho, kwani retina imekwisha kuenea vitabuni, na istilahi iliyozoeleka haibadilishwi kwa sababu ya uzuri tu. Lakini mwanafunzi akiambiwa habari za kimia hataisahau retina.

Sasa tufikie hitilafu, na hapa ndipo penye uzito. Agano la Kale linataja wazee kadhaa walioishiwa na macho, wala halitumii neno moja kwa wote. Macho ya Isaka (Mwanzo 27:1) yalififia. Ya Yakobo (Mwanzo 48:10) yalikuwa mazito kwa uzee. Ya Ahiya nabii (1 Wafalme 14:4) yalisimama. Habari za Eli zina hatua mbili: katika 1 Samweli 3:2 macho yameanza kufifia, na katika 4:15, akiwa na miaka 98, yamesimama na haoni. Mtafsiri akitumia kupofuka mahali pote, historia hiyo ya ugonjwa hupotea. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Musa (Kumbukumbu la Torati 34:7). Tafsiri ya 1952 inakanusha kwamba jicho lake lilipofuka. Kitenzi cha Kiebrania hapo ni kile kile cha Isaka, kufifia. Yaani mwandishi hasemi tu kwamba mzee wa miaka 120 hakuwa kipofu. Anasema macho yake hayakuwa yamefifia hata kidogo. Kwa neno moja tu ajabu hiyo imepunguzwa.

Isaka pia anafaa sana mradi wa sayansi kwa sababu nyingine. Akiwa haoni, anasikiliza sauti, anapapasa mikono na kunusa mavazi. Milango yote ya fahamu imo katika sura moja. Huwezi, hata hivyo, kutaja ugonjwa wake kwa hakika. Ukungu wa lenzi hulingana na maelezo, lakini magonjwa mengine pia hulingana. Vivyo hivyo macho ya Lea (Mwanzo 29:17), yanayoitwa dhaifu, kwa Kiebrania ni "laini", na wataalamu hawajaafikiana kama ni kasoro au ni sifa. Tobiti, ambaye kitabu chake kimo katika Biblia ya Wakatoliki, ana alama bora zaidi: vitu vyeupe juu ya macho, ambavyo Mswahili angeviita chamba bila kusita.

Katika Marko 8:22-25 yule mtu wa Bethsaida anapita katika hali ya katikati: anaona, lakini watu ni kama miti inayotembea. Mwaka 1728 tabibu wa Uingereza William Cheselden alitoa habari za mvulana aliyeondolewa mtoto wa jicho, ambaye mwanzoni aliona bila kuweza kutambua maumbo wala umbali wa vitu. Sisemi kwamba habari hizo mbili ni kitu kimoja. Mtu wa Bethsaida alijua miti ilivyo, basi huenda aliwahi kuona zamani. Ila zote mbili zadai neno la hali iliyo kati ya upofu na kuona.

Neno hilo tunalo: uoni hafifu. Tunayo pia chongo, makengeza na kiwi, kila moja na mahali pake. Shida ni kwamba katika mazungumzo ya shuleni mtoto asiyeweza kusoma ubao kutoka dawati la nyuma huitwa kipofu, kwa mzaha au kwa kukosa neno, kisha akiandikwa hivyo katika orodha huhesabiwa pamoja na wanaohitaji maandishi ya nukta nundu, ilhali huenda alihitaji miwani na dawati la mbele. Wanafunzi wa yule mwalimu walipomaliza walikuwa na aya tisa, na pembeni ya kila aya waliandika neno la Kiswahili walilodhani linafaa. Kwa Isaka walikuwa wameandika kipofu. Mwalimu aliwataka wasome tena, wakalifuta.