Ushahidi na ushuhuda

Filamu ya Marlon Riggs, Tongues Untied (1989), inayohusu wanaume Weusi wa Marekani wanaopenda wanaume wenzao, haienei katika jina letu la "filamu ya hali halisi". Jina hilo huahidi msimulizi asiyeonekana na wataalamu wenye vielelezo. Riggs alikwishatengeneza ya namna hiyo: Ethnic Notions, yenye wanahistoria na vikaragosi vilivyowadhalilisha Weusi. Huo ulikuwa ushahidi, na ushahidi waweza kuwa hata kisu au karatasi. Safari hii analeta mashairi ya Essex Hemphill, dansi, na mwili wake mwenyewe mbele ya kamera. Huu ni ushuhuda. Bila mtu aliyeyaishi mambo yenyewe, haupo.

Utaniambia ushuhuda ni wa kanisani, tena anayejisemea hupendelea upande wake. Kweli, hupendelea. Lakini hao waliodhihakiwa na Wazungu kwa rangi yao, na Weusi wenzao kwa mapenzi yao, wangesemewa na mtaalamu gani asiye na upande? Televisheni ya umma ya Marekani ilipoirusha filamu hiyo mwaka 1991, vituo kadhaa viliikataa, na ubishi mkubwa ulikuwa juu ya lugha na picha zake.