Fedha Haisafiri, Linalosafiri ni Deni: Hawala Kutoka Makka Hadi Makambako

Utangulizi

Mwenye kufika Makambako hahitaji kuelezwa kwa nini mji huo umekua. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapoachana na ile ya Njombe na Songea, na hapo ndipo reli ya TAZARA, baada ya kupanda kutoka bonde la Kilombero, inapokutana na barabara hiyo. Mbao, viazi, chai na maparachichi ya Njombe, mji ulio umbali wa kilomita 60 hivi kutoka hapo, hupita katika njia panda hiyo kwenda masokoni. Maparachichi yamekuwa yakiuzwa Ulaya kwa miaka kadhaa, na Novemba 2022 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya kuyaruhusu kuingia nchini humo. Mazao hushuka kwenda bandarini, na fedha hupanda kurudi milimani kwa njia ya benki.

Tuchukulie kwamba mnunuzi aliyeko ng'ambo anadaiwa dola 10,000 na muuzaji wa Makambako. Jumatatu anaiagiza benki yake imtumie. Ijumaa fedha haijaingia, au imeingia pungufu. Katika siku hizo nne deni lilikuwa katika dhima ya nani? Na kama benki mojawapo iliyo njiani ingefilisika, nani angebeba hasara? Wengi hulidhani swali hili kuwa jipya, lililoletwa na kompyuta. Katika makala hii tutajaribu kuonesha kwamba ni swali kongwe, kwamba mafakihi walilijibu kwa majibu zaidi ya moja, na kwamba watu wa Njombe wanayo sababu ya karibu ya kulijali.

Hawala na Suftaja

Hawala katika lugha ni kuhamisha. Katika istilahi ya fiqhi ni kuhamisha deni kutoka dhima ya mtu mmoja kwenda dhima ya mwingine. Bwana A anadaiwa na Bwana B, naye A anamdai Bwana J. A akamwambia B achukue haki yake kwa J. Msingi wake ni hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), ambamo Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba tajiri kuchelewesha deni ni dhulma, na kwamba aliyeelekezwa kwa mwenye uwezo wa kulipa na akubali kuelekezwa huko.

Ndugu ya hawala ni suftaja, yaani kutoa fedha katika mji mmoja ili ilipwe katika mji mwingine, kwa lengo la kuepuka hatari ya njiani. Imepokewa kutoka kwa Ataa kwamba Abdullah bin Zubayr (r.a.) alikuwa akichukua dirhamu za watu Makka, kisha akiwaandikia barua kwa ndugu yake Mus'ab aliyekuwa Iraq, nao wakalipwa huko. Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa juu ya jambo hilo hakuona ubaya.

Hata hivyo wanazuoni hawakuafikiana. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, yaliyoenea pwani yetu, suftaja ikiwekewa sharti la kulipwa mji mwingine hukataliwa, kwa kuwa ni mkopo uliomletea mkopeshaji manufaa, nayo manufaa hayo ni kuokoka na hatari ya njiani. Ibn Qudama na baadaye Ibn Taymiyya, katika madhehebu ya Hanbali, waliiruhusu, kwa hoja kwamba manufaa ni ya pande zote mbili na hakuna aliyezidishiwa mali. Tunaomba msomaji alishike hili: tangu karne ya kwanza Hijriya ilijulikana kwamba dirhamu za Makka hazikwenda Iraq. Zilibaki Makka. Kilichokwenda Iraq ni karatasi, na karatasi ile ilibeba deni.

Hundi za Unguja

Katika karne ya 19 biashara ya bara yetu ilifungamana na Unguja kwa namna hiyo hiyo. Nyumba kubwa za wafanyabiashara wa Kihindi, kama ile ya Jairam Shivji iliyokodi forodha za Sultani kwa miaka mingi, na ile ya Taria Topan, ziliwakopesha wenye misafara bidhaa na kupokea pembe za ndovu. Msafiri aliyekuwa bara aliweza kuandika karatasi ya kumwelekeza mdai wake akalipwe Unguja, na mfanyabiashara wa Unguja aliweza kuandika hundi ya kulipwa Bombay. Neno hundi lilitoka Bara Hindi, na leo Kiswahili kinalitumia kwa hati ya benki. Neno hawala nalo likabaki katika Kiswahili cha posta. Hivyo lugha yetu imehifadhi historia yote miwili. Hatusemi kwamba kila hundi ilikuwa safi kisharia, maana mara nyingi ilikatwa thamani kwa ajili ya muda, na hapo riba iliingia.

Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja. Agizo lililokuwa likingoja meli likaweza kufika kwa muda mfupi. Kilichobadilika hapo ni mwendo wa habari. Asili ya mkataba ilibaki vile vile. Na hata mtandao wa SWIFT, uliaoasisiwa Ubelgiji mwaka 1973 na kuanza kazi mwaka 1977, haubebi fedha. Unabeba ujumbe kati ya benki na benki: punguza hapa, ongeza pale.

Reli Iliyojengwa kwa Yuan Zisizosafiri

Makambako yenyewe ina ushahidi mkubwa kuliko wowote wa jambo hili. Tarehe 5 Septemba 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing mkataba wa kujenga reli. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako, yenye mahandaki na madaraja mengi. China ilitoa mkopo wa yuan milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30.

Sasa, kibarua aliyechimba handaki alilipwa kwa shilingi. Shilingi hizo zilitoka wapi, ilhali mkopo ulikuwa wa yuan? Utaratibu ulikuwa huu: China ilileta bidhaa zake, serikali za Tanzania na Zambia zikaziuza kwa wananchi kupitia mashirika yao ya biashara, na mapato ya mauzo yakalipia mishahara na gharama nyingine za ndani. Yuan hata moja haikuhitaji kufika Makambako. Deni liliandikwa Beijing, bidhaa zikashuka Dar es Salaam, na shilingi ikatoka mfukoni mwa mwananchi aliyenunua shati na kuingia mfukoni mwa kibarua.

Faqihi akiutazama mpango huo ataona jema na la kuuliza. Jema ni kukosekana kwa riba. La kuuliza ni je, mkopo ulishurutishwa na kununua bidhaa za mkopeshaji? Maana Mtume (s.a.w.) amekataza kuchanganya mkopo na mauzo, ili mkopeshaji asije akaitia faida yake katika bei. Hapa tunajifunza kwamba neno "bila riba" halifungi mjadala. Bei nayo hutazamwa.

Kubadilisha Fedha: Pale Penye Mtego

Turudi kwa dola 10,000 za muuzaji wetu. Benki ya Tanzania huwa na akaunti ya dola katika benki mshirika ng'ambo. Benki ya mnunuzi hupunguza akaunti ya mteja wake, ujumbe hupita, benki mshirika huiongezea benki yetu, mara nyingi baada ya kukata ada yake, nayo benki yetu huandika katika akaunti ya muuzaji Makambako. Ikiwa akaunti hiyo ni ya shilingi, kuna mkataba wa pili umefanyika kimya kimya ndani ya ule wa kwanza, nao ni sarf, yaani kubadilisha fedha kwa fedha.

Kwa muda mrefu mkataba huu wa pili haukuwasumbua watu. Chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, shilingi 20 zilikuwa pauni moja, nayo Bodi ilitoa shilingi huku dhamana yake ikiwekwa London. Shilingi ya Tanzania ilipoanza mwaka 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7.14 kwa bei rasmi. Benki zikataifishwa Februari 1967, na fedha za kigeni zikawa chini ya usimamizi mkali wa Benki Kuu. Kisha ikaja Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992, maduka ya kubadilishia fedha yakafunguliwa, na bei ikaachiwa soko. Leo dola moja ni zaidi ya shilingi 2,000, na bei ya asubuhi si lazima iwe ya jioni. Tofauti ya shilingi 40 kwa kila dola katika dola 10,000 ni shilingi 400,000, nazo ni mali ya mtu.

Majma'ul-Fiqhil-Islami ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha 9 kilichofanyika Abu Dhabi Aprili 1995, ilitoa azimio namba 84 linalogusa jambo hili. Kutuma kwa sarafu ile ile kunaruhusiwa. Kukiwa na ujira, mkataba huo ni wakala kwa malipo. Sarafu ikibadilika, basi ni sarf pamoja na hawala, na sarf itangulie: mteja akabidhi fedha, bei ikubaliwe na kuandikwa katika hati anayopewa, ndipo fedha itumwe. Nalo azimio namba 53 la mwaka 1990 lilikwisha kukubali kwamba kuandikwa fedha katika akaunti ya mtu ni kuikabidhi kihukumu. Kwa hiyo kompyuta haikuharamisha kitu. Kinachotia shaka ni bei ambayo mwenye mali hakuiona wala kuikubali.

Njombe, Januari 2018

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa sababu ya upungufu wa mtaji. Mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe. Bodi ya Bima ya Amana iliwajibika kuwalipa wenye akaunti hadi kikomo cha wakati huo, shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alisubiri ufilisi kama wadai wengine.

Tukio hili linatufundisha juu ya neno moja. Sisi huziita fedha zilizoko benki "amana". Katika fiqhi amana hubaki mali ya mwenyewe kwa dhati yake, na mwenye kuihifadhi haruhusiwi kuitumia. Fedha ya akaunti sivyo ilivyo. Benki huichanganya na kuitumia, kwa hiyo kihukumu ni mkopo, na mwenye akaunti ni mdai wa benki. Ndiyo maana benki ikifilisika yeye husimama katika mstari wa wadai.

Na kama benki ingefungwa fedha ikiwa bado njiani? Hapa jina la mkataba ndilo huamua. Tukisema ni hawala kamili, Imam Nawawi katika Minhaj anaeleza kwamba kufilisika kwa aliyehawilishwa hakumrudishi mdai kwa mdaiwa wa kwanza. Hasara ni ya mpokeaji. Abu Hanifa anaona haki hurudi kwa mdaiwa wa kwanza iwapo aliyehawilishwa amekana na hakuna ushahidi, au amekufa akiwa muflisi. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, waliongeza hali ya tatu: akitangazwa muflisi na hakimu angali hai. Kutangazwa huko na mwenye mamlaka ndiko kunakofanana na kufungwa kwa benki. Lakini tukisema benki ni wakili wa mtumaji kwa ujira, kama Majma ilivyosema, basi deni halijatoka katika dhima ya mnunuzi mpaka liandikwe katika akaunti ya muuzaji. Azimio hilo hilo likaongeza kwamba wanaofanya kazi ya kutuma fedha kwa watu wote wanabeba dhamana, kama fundi anayewahudumia watu wote. Ni mwendo ule ule uliopokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.), aliyewabebesha mafundi dhamana ya mali za watu kwa ajili ya maslahi yao.

Kwa maoni yetu, kauli hii ya mwisho ndiyo iliyo karibu zaidi na hali ya muuzaji wa Makambako. Yeye hakuichagua benki ya mnunuzi, wala hakuulizwa kama anakubali kuhawilishwa kwake.

Hitimisho

Waislamu wa Njombe ni wachache, lakini masuala haya ni ya kila mwenye shamba na kila mwenye ghala, awe wa dini gani. Tunawanasihi mambo manne. Kwanza, mkataba wa mauzo uandike wazi kwamba deni halijalipwa mpaka fedha iingie katika akaunti ya muuzaji. Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ameamrisha madeni yaandikwe, katika Suratul-Baqara. Pili, patajwe nani anabeba ada za benki zote za njiani, ili dola 10,000 zisifike 9,950 na pande mbili zikalaumiana. Tatu, mpokeaji aulize bei ya kubadilishia kabla fedha haijageuzwa shilingi, na apewe kwa maandishi. Mwenye akaunti ya dola ana nafasi zaidi ya kufanya hivyo. Nne, fedha ikiingia ajue kwamba sasa yeye ni mdai wa benki hiyo, aichague kama anavyomchagua mtu wa kumkopesha.

Mnunuzi akisema "nimeshatuma", muuzaji ana haki ya kujibu kwamba kutuma si kulipa. Ibn Zubayr aliandika barua, na barua ile ilikuwa na thamani kwa sababu Mus'ab alilipa. Wallahu a'lam.